UZI: Ibada ya shukrani ya Uhuru, 9 Disemba. Namna ya kuiandaa bila kuvuruga Majilio na bila kuwasahau waliolipa gharama

Sakristia (#1)

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Shikamooni wazee wa jukwaa.

Kila mwaka kamati nyingi za liturujia hukumbuka Uhuru usiku wa tarehe 8. Bendera inaazimwa kwa mtendaji wa kata, kwaya inaambiwa ijiandae na wimbo wa taifa, mgeni rasmi anapewa "dakika chache" anakula nusu saa, watu wanakwenda zao. Mungu katajwa, nchi katajwa, walioumia hakuna aliyewataja hata kwa jina moja. Naweka hapa mambo ya kazi, wenye utaalamu waongeze.

Tuanze na kalenda, maana ndiyo inayoangusha wengi. Tarehe 9 Disemba daima iko ndani ya Majilio, yale majuma ya kungojea Noeli. Kwa sisi Wakatoliki, Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kirumi, namba 376, yanasema hivi: siku za kawaida za Majilio hadi tarehe 16 Disemba, Misa za mahitaji mbalimbali kwa kanuni haziruhusiwi, ila pakiwa na haja ya kweli au faida ya kichungaji padre anaweza kuziadhimisha pamoja na waamini. Kwa hiyo 9 Disemba ikiwa siku ya kawaida kati ya Jumatatu na Jumamosi asubuhi, paroko anaweza kuchukua Misa ya kumshukuru Mungu au ya kuombea taifa. Angalieni kwanza kalenda ya jimbo lenu, kisha muulizeni yeye, msimletee ratiba iliyokwisha chapwa.

Ikiangukia Jumapili, kama ilivyokuwa 2018 na itakavyokuwa 2029, hakuna mjadala: ni Dominika ya Pili ya Majilio, masomo yake na sala zake. Shukrani itaingia kwenye homilia, sala ya waamini, na Te Deum (ule wimbo wa kale wa kumsifu Mungu) baada ya Komunyo.

Mtego mwingine ni tarehe 8, Sherehe ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Ikiangukia Jumapili inasogezwa Jumatatu, yaani tarehe 9 yenyewe. Ilitokea 2024, itatokea tena 2030. Mwaka wa namna hiyo Misa ya taifa haiwezi kuiondoa Sherehe. Vazi ni jeupe na Utukufu unaimbwa, lakini sababu ni Bikira Maria.

Miaka mingine rangi ni zambarau, Utukufu hauimbwi, maua ni kwa kiasi. Altare isivishwe vitambaa vya kijani, njano, nyeusi na bluu. Altare ina kitambaa chake cheupe, basi.

MwinjilistiMstaafu (#2)

Ahsante sana mtumishi. Upande wetu KKKT na ndugu zetu Waanglikana Majilio ni yale yale, ingawa sisi hatubanwi na hizo namba. Wengi huiweka ibada Jumapili iliyo karibu, wengine asubuhi ya tarehe 9 kwa sababu ni sikukuu na watu hawapo kazini.

Nasikia watu wakilalamika kwamba Majilio yanabana shukrani. Mimi naona yanaibeba. Ni majira ya watu wanaosubiri kufunguliwa, na Tanganyika ilisubiri. Ilitoka mikononi mwa Wajerumani, ikakabidhiwa Waingereza kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, mwaka 1946 ikawa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, TANU ikazaliwa 7 Julai 1954, ukaja mkutano wa Tabora Januari 1958 na uamuzi mgumu wa kuingia katika uchaguzi wa kura tatu (kila mpiga kura achague Mwafrika, Mzungu na Mwasia), ndipo 9 Disemba 1961. Mhubiri akiyapanga hayo kwa utulivu, Isaya 40, ile ya "wafarijini watu wangu", inafunguka yenyewe bila kulazimishwa.

Masomo ninayopendekeza kwa wasiobanwa na kitabu cha masomo:

Kumbukumbu la Torati 26:1-11. Mkulima analeta kapu la malimbuko, na kuhani akishaliweka mbele ya madhabahu anatakiwa asimulie: Misri, utumwa, kilio, mkono wa Bwana. Shukrani isiyosimulia kilichotokea, Torati haiitambui. Na msiishie mstari wa 10. Wa 11 unataka Mlawi na mgeni wafurahi pamoja na mwenye kapu.

Zaburi 126. Ina nusu mbili. Nusu ya kwanza inashukuru kwa mateka waliorejezwa, ya pili inaomba tena warejezwe waliobaki. Waimbaji wengi hukata katikati. Msikate.

2 Samweli 23:13-17. Hili ndilo nalipenda kuliko yote na ndilo lisilosomwa. Daudi anatamani maji ya kisima cha Bethlehemu, mashujaa watatu wanapenya kambi ya Wafilisti wanayaleta. Daudi anakataa kuyanywa, anayamimina mbele za Bwana, kwa sababu anayaona kuwa ni damu ya watu waliohatarisha maisha yao. Hapo mhubiri anayo hoja nzima: kilichonunuliwa kwa damu ya wengine hakinywewi kwa starehe zetu. Anayekula fedha ya dawa za zahanati anakunywa yale maji.

Injili: Luka 17:11-19, ila kwa tahadhari. Wakoma kumi wamekuwa fimbo ya kuwachapia watu, eti "ninyi tisa hamshukuru serikali". Yule mmoja alirudi miguuni pa Yesu, na Yesu aliwauliza wengine walipo kwa sababu hawakurudi kumpa Mungu utukufu. Yohana 15:13 nayo inafaa kwa walioanguka vitani, lakini mhubiri asiruke kutoka askari hadi msalaba kana kwamba ni kitu kimoja. Askari alikufa ili sisi tukae salama katika nchi. Dhambi zetu aliyezibeba ni mmoja tu.

Warumi 13 (inayoagiza kuzitii mamlaka) peke yake siishauri. Ichukueni 1 Timotheo 2:1-4, inaombea wenye mamlaka na papo hapo inasema kwa nini: tuishi kwa utulivu na amani.

Besi_wa_Pili (#3)

Naingia kwenye uimbaji.

Wimbo wa taifa ni sala, na asili yake ni kanisani: Enoch Sontonga aliutunga 1897 huko Afrika Kusini, akiwa mwalimu katika shule ya misheni ya Wamethodisti. Kwa hiyo hakuna haja ya kuona haya kuuimba ndani ya kanisa. Tatizo ni mahali unapowekwa. Usiwe wimbo wa mwanzo, usiwe wa matoleo, na tafadhali usiwe wakati watu wanapokea Ekaristi. Mahali pake ni mwisho kabisa, baada ya baraka, kabla ya maandamano ya kutoka. Watu wasimame wima, mikono chini. Hakuna vigelegele wala kucheza, na kinanda kisiweke mdundo wa sebene. Beti zote mbili, ya Afrika kwanza, ya Tanzania baadaye. Kukata moja "kwa kuokoa muda" kunaokoa kama dakika moja na kunawaudhi wote.

Makosa ya kawaida: mwimbishaji anaanzisha kwa sauti yake mwenyewe bila kinanda, mstari wa katikati unapanda, soprano wanapiga kelele na wanaume wananyamaza. Dawa ni kuupima wiki moja kabla na waumini, siyo na kwaya peke yake. Mfano, kama kwaya inauimba kwa ufunguo wa Bb, shusheni hadi Ab au G kwa ajili ya kusanyiko. Wanaoimba hapo ni mama wa jumuiya, siyo wenye joho.

Nyimbo nyingine ziwe za Majilio na za shukrani kutoka kitabu chenu cha kawaida. Tafadhali msitunge wimbo wa kusifu viongozi kwa ajili ya siku hiyo.

Mdau_Mpole (#4)

Bendera je? Kwetu huwekwa mbele ya tabenakulo kila mwaka.

Sakristia (#5)

Hapana mkuu, itoeni hapo. Iwekwe nje ya patakatifu, upande mmoja, kwenye mlingoti wa kusimama, isiguse sakafu. Na iangalieni kabla ya kuitundika: pembetatu ya kijani iko juu upande wa mlingoti, ya bluu iko chini upande unaopepea, mstari mweusi wenye kingo za njano unapanda kutoka kona ya chini ya mlingoti hadi kona ya juu ya upande wa pili. Ukiona bluu imekuwa juu, imegeuzwa. Iliyofifia au kuchanika msiitumie, na msiikate kushonea joho za watoto. Nembo za taifa zina sheria yake.

Jingine dogo kwa waandishi wa ratiba na mabango: andikeni "Uhuru wa Tanganyika" au "Uhuru wa Tanzania Bara". Mwaka 1961 Tanzania haikuwepo. Zanzibar ilipata uhuru wake 10 Disemba 1963, Mapinduzi 12 Januari 1964, Muungano 26 Aprili 1964. Mzanzibari akiwa amekaa benchi la nyuma anasoma bango lenu.

Mlango_wa_Kusini (#6)

Niongelee majina, kwa sababu mtoa mada aliyagusa akapita.

Ibada nyingi zikitaja mtu zinamtaja Mwalimu Nyerere pekee. Ni haki yake, aliacha ualimu Pugu 1955 bila kujua kesho atakula nini. Lakini uhuru huu una watu wengi. Kirilo Japhet wa Meru, baada ya wenzake kufukuzwa Engare Nanyuki 1951 na nyumba zao kuteketezwa, alifika Umoja wa Mataifa 1952 kudai ardhi yao. John Rupia alitoa fedha zake kuiendesha TANU. Na Mkristo anayeshukuru kwa ukweli lazima awataje Waislamu: Bibi Titi Mohamed aliyeingiza maelfu ya wanawake katika chama, Abdulwahid Sykes, Sheikh Hassan bin Ameir, na wazee wa Dar es Salaam waliompokea kijana kutoka Butiama wakamfanya kiongozi wao. Sala ya shukrani inayoorodhesha Wakristo watupu ni shukrani pungufu, na wenye kujua historia wanaisikia.

Kisha kuna waliotangulia. Huku kwetu hatuwezi kusema Uhuru bila Majimaji, 1905 hadi 1907. Makadirio ya waliokufa yanaanzia elfu 75 na kufika karibu laki 3, na wengi hawakuuawa kwa risasi. Jeshi la Wajerumani lilichoma mashamba na maghala, njaa ikamaliza kazi. Songea tarehe 27 Februari 1906 walinyongwa 67 kwa siku moja, na kumbukumbu yao hufanyika kila Februari pale Makumbusho ya Majimaji.

Mdau_Mpole (#7)

Hapo kwenye Majimaji mimi nasita. Wapiganaji hao hao walimuua Askofu Cassian Spiss na wamisionari wenzake, wakachoma Peramiho. Leo tuwaombee kanisani kama mashujaa?

Mlango_wa_Kusini (#8)

Swali zito na halipaswi kufichwa. Tarehe 14 Agosti 1905, katika eneo la Liwale, waliuawa Askofu Spiss, mabruda wawili na masista wawili, wote Wabenediktini. Baadaye misheni ya Peramiho ikachomwa. Upande wa pili, askari wa Kijerumani waliwanyonga machifu na manduna (wasaidizi wao) na kuacha nchi nzima na njaa. Wapiganaji waliona misheni na boma la serikali ya Wajerumani kama kitu kimoja, na si kwamba hawakuwa na sababu: wote walikuja na watu weupe, na baadhi ya wamisionari walishirikiana na boma.

Kiliturujia hili lina njia. Usitangaze utakatifu wa mtu yeyote. Ombea marehemu wa pande zote katika ombi moja, kwa majina, bila vivumishi. Mfano: "Kwa ajili ya wote waliokufa katika Vita vya Majimaji: waliopigania ardhi yao, waliouawa wakihubiri Injili, waliokufa kwa njaa bila kushika silaha, uwape pumziko, na utuponye sisi tuliorithi majeraha yao." Linasomwa kwa chini ya nusu dakika. Sijaona mtu wa Ungoni aliyelikataa.

Kuna padre wa Kibenediktini aliyewaendea waliohukumiwa Songea, na baadhi yao walibatizwa kabla ya kunyongwa. Wengine waliona ni faraja, wengine wanauliza ubatizo chini ya kitanzi ni ubatizo gani. Mhubiri asiye na muda wa kuyaeleza yote mawili asiliguse.

MwinjilistiMstaafu (#9)

Naunga mkono. Niongeze la wapagazi wa Vita vya Kwanza, maana kila mwaka kuna anayetaka kuwaingiza. Walikufa makumi ya maelfu kwa maradhi, njaa na mizigo, jina la Kariakoo linatokana nao, na sanamu ya Askari ya Dar es Salaam iliwekwa 1927. Wanastahili sala. Lakini walikufa katika vita vya wafalme wa Ulaya, wengi wao wakiwa wamekamatwa kwa nguvu. Wawekeni Novemba, tunapoombea marehemu. Mkiwaweka 9 Disemba mtalazimika kusema walikufa kwa ajili ya uhuru wetu, na sivyo.

Kanyigo (#10)

Wakuu, msiishie 1961. Kagera mnaiweka wapi?

Majeshi ya Idi Amin yaliingia mwishoni mwa Oktoba 1978, yakatwaa ardhi yote ya kaskazini ya mto Kagera, daraja la Kyaka likalipuliwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu alilihutubia taifa, na 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Makaburi ya mashujaa yako Kaboya, wilaya ya Muleba. Kwa waliokufa wakisaidia ukombozi wa Msumbiji, makaburi yako Naliendele, Mtwara. Parokia na sharika za jirani zinaweza kwenda huko kusali. Maeneo hayo yako chini ya jeshi, kwa hiyo pelekeni barua mapema, mtaje idadi ya watu, magari, na muda wa kuingia na kutoka. Mwezi mzima kabla ni salama.

Mkiwa makaburini: sala fupi, wimbo mmoja, maji ya baraka kwa Wakatoliki, shada. Mkuki, ngao na sime ni vya maadhimisho ya kitaifa ya Siku ya Mashujaa, 25 Julai. Msiigize.

Kwa mlio mbali, tafuteni waliotoka kwenye kata yenu. Msiulizie wanajeshi peke yao. Vita ile ilipiganwa pia na mgambo waliochukuliwa vijijini, na hao ndio wanaosahaulika. Ulizeni kwa balozi, kwa wazee wa kijiji, kwa wajane.

Mama_Parishiweka (#11)

Ngoja niweke taratibu za kusoma majina, maana hapo ndipo ibada huinuka au huanguka.

Kusanyeni kuanzia katikati ya Oktoba. Kila jumuiya ilete karatasi yenye jina kamili, kijiji, mwaka na mahali alipofia, na jina la ndugu aliyethibitisha. Asiyethibitishwa na ndugu au mzee mmoja haingii. Novemba katikati, bandikeni orodha mlangoni kwa Jumapili mbili ili watu wasahihishe. Hapo ndipo utakuta marehemu mmoja kaandikwa mara mbili kwa jina la ubatizo na la nyumbani, au mtu yu hai Biharamulo.

Aliyepotea vitani na mwili haukupatikana, ongeeni na familia kabla. Wengine hawajawahi kukubali kwamba amekufa, na kusikia jina lake kwenye orodha ya marehemu mbele ya kanisa ni pigo. Wapeni nafasi ya kumweka kwenye ombi la "wale ambao Mungu peke yake anajua walipo".

Kusoma: sekunde 4 kwa jina pamoja na pumziko. Majina 40 ni chini ya dakika 3. Yakizidi 60 gawanyeni kwa vijiji na wasomaji wawili wapokezane. Msomaji ajaribu mbele ya mtu wa kabila husika. Jina la Kihaya lililosomwa vibaya mbele ya mama yake marehemu halisahauliki. Hakuna cheo: sajini na mgambo wanasomwa sawa, kwa alfabeti.

Baada ya majina, ukimya. Tangazeni kabla, "tutanyamaza dakika moja kamili", mmoja ashike saa. Bila saa, kiongozi huvunja ukimya baada ya sekunde 20 akidhani dakika imekwisha. Mpiga kinanda aondoe mikono, fundi azime maikrofoni zote, jenereta kama ipo karibu na dirisha isogezwe tangu asubuhi. Mwisho wa ukimya upigwe kengele mara moja. Msiseme "amina" kwenye spika, inashtua.

Wajane na wapiganaji wastaafu wakae mbele, wawe na viti vyenye mgongo, na mtu wa kuwapeleka chooni. Wengi wana miaka zaidi ya 65. Msiwasimamishe kwa muda mrefu kupigiwa makofi.

Mdau_Mpole (#12)

Mama, na sadaka? Huwa inapotea njiani.

Mama_Parishiweka (#13)

Ikitangazwa vibaya, ndiyo. Sadaka ya shukrani ya Uhuru iwe ya pili, tofauti na ya kawaida, kikapu chake na bahasha zake. Kusudi lisemwe mara mbili kabla: mfano, bima ya afya kwa wajane watano wa kata, au mabati 20 ya nyumba ya mzee fulani ambaye amekubali kutajwa. "Kuwasaidia mashujaa" kwa ujumla hakuna anayeweza kufuatilia, na ndivyo sadaka inavyopotea. Wahesabu watu watatu, waandike, wasaini, kiasi kitangazwe Jumapili inayofuata, na risiti ya kilichonunuliwa ibandikwe mlangoni.

Kijana_wa_Leo (#14)

Samahanini wazee. Nauliza bila kejeli: tunashukuru nini wakati watu wana njaa, wengine wamefungwa, wengine wanaogopa kusema? Si unafiki huo?

MwinjilistiMstaafu (#15)

Kijana wangu, ndiyo maana nilisema Zaburi 126 isikatwe. Aliyeiandika alikuwa na waliorudi na alikuwa na wasiorudi, akaweka vyote katika wimbo mmoja. Shukrani ya Biblia haidai kwamba mambo yote yako sawa. Inasema jambo moja alilotenda Mungu ni la kweli, kisha inamdai amalize.

Kwa vitendo: wekeni toba mwanzoni, kabla ya shukrani. Dakika 5 zinatosha. Itaje dhambi zinazoeleweka: rushwa, kuwatesa watuhumiwa, kudhulumu ardhi ya wajane, kuwatukana wenye imani nyingine, woga wa kanisa lenyewe kunyamaza. Kisha shukrani, kisha maombi kwa walioko magerezani na wanaolia. Ibada ikiruka toba ikaanza na "tunashukuru kwa amani", aliyeumizwa wiki iliyopita anajua haikuandaliwa kwa ajili yake.

Sakristia (#16)

Naweka mfano wa sala ya waamini. Utaratibu wa Misale ni Kanisa, kisha wenye mamlaka na ulimwengu, kisha wanaoelemewa, kisha jumuiya ya mahali. Marehemu mwishoni.

"Kwa ajili ya Kanisa lako: liwaambie wakubwa na wadogo neno lile lile. Ee Bwana...

Kwa ajili ya Rais, wabunge, mahakimu na watendaji wa vijiji: wakumbuke kwamba madaraka waliyokabidhiwa yamelipiwa na wengine. Ee Bwana...

Kwa ajili ya waliofungwa bila haki, wasio na ardhi, na wakimbizi walio katika nchi yetu: uhuru tunaoushukuru uwafikie nao. Ee Bwana...

Kwa ajili ya jirani zetu Waislamu na wote wasiosali nasi: tuendelee kuzikana na kulishana kama wazee wetu walivyofanya. Ee Bwana...

Kwa ajili ya mashujaa tuliowataja na wale ambao hakuna aliyebaki kuwataja: uwape mwanga wa uso wako. Ee Bwana..."

Matano yanatosha. Yakifika kumi watu wanahesabu mabati ya dari.

Kuhusu Mwalimu: yeye ni Mtumishi wa Mungu, yaani hatua ya kwanza kuelekea kutangazwa mtakatifu, na mchakato wake ulianzia Jimbo la Musoma. Mnaweza kumwombea katika Misa na mnaweza binafsi kuomba maombezi yake. Jina lake lisiwekwe katika Litania ya Watakatifu na picha yake isiwekwe altareni. Kuharakisha hivyo kunaharibu mchakato wenyewe, kwa sababu mojawapo ya yanayochunguzwa ni kwamba hajaanza kupewa heshima ya hadhara ya watakatifu.

Besi_wa_Pili (#17)

Wageni wa serikali msisahau. Barua ya mwaliko iandike wazi: salamu dakika 5, baada ya sala ya baada ya Komunyo (au baada ya matangazo kwa Walutheri), na zitolewe kwenye kipaza sauti cha matangazo. Mimbari ni ya Neno. Sare za vyama zisiingie, za chama chochote, na hilo liandikwe kwenye mwaliko ule ule. Kumwambia mtu mlangoni avue fulana ni aibu kwa pande mbili.

Kanyigo (#18)

Wanaofanya kesha la tarehe 8: usiku wa manane wa 1961 taa za uwanja zilizimwa, bendera ya Waingereza ikashushwa, taa zikawashwa ya Tanganyika ikiwa juu, huku Luteni Alexander Nyirenda akiwa ameupeleka mwenge na bendera kileleni Kilimanjaro. Mnaweza kuzima taa saa sita kamili na kuwasha mshumaa mmoja, kisha watu wapokezane moto. Ila taa ya mlangoni na ya ngazi zibaki zinawaka, ndoo mbili za mchanga ziwe tayari, na watoto wasishike mishumaa karibu na mapazia. Nusu dakika ya giza inatosha.

Mama_Parishiweka (#19)

La mwisho upande wangu, matoleo. Kamati hupanga mahindi na maharage kama sikukuu ya mavuno. Disemba Dodoma, Singida, Iringa na Ruvuma watu wanapanda, ghala linaelekea kuisha. Mkiwadai mazao mnawadai mbegu. Walete miche badala yake, mvua zipo.

Mche mmoja kwa kila jina lililosomwa, kama kiwanja kinaruhusu. Kwa mwembe au mparachichi, shimo sentimita 60 kwa 60, kina 60, lichimbwe wiki mbili kabla. Udongo wa juu tenganisheni na wa chini, changanyeni wa juu na debe moja la samadi iliyooza vizuri, huo ndio uwe wa kwanza kurudi shimoni. Nafasi mita 8 hadi 10 kati ya miti. Pandeni jioni, toeni mfuko wa plastiki wote, wengi hupasua chini tu na mizizi inajisokota humo.

Mdau_Mpole (#20)

Na atakayemwagilia Juni?

Mama_Parishiweka (#21)

Kila mti upewe jumuiya, na zamu ibandikwe pamoja na ile risiti. Lita 10 hadi 20 mara mbili kwa wiki kwa kiangazi cha kwanza, matandazo ya majani pembeni bila kugusa shina, na uzio wa miiba, kwa sababu mbuzi wa paroko hawajui historia.